Kidato cha Nne Pande Mbili za Mpaka: Historia ya Masharti ya Usajili wa Shahada ya Kwanza katika Ukanda wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi masharti ya kuwasajili wanafunzi wa shahada ya kwanza yalivyoachana kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 1980, kwa kurejelea ukanda wa Busia na Tororo. Hoja kuu ni kwamba chimbuko la tofauti hiyo ni mgawanyo wa miaka ya masomo, wala si ubora wa elimu, na kwamba istilahi ya Kiswahili inayotumika pande zote mbili imechangia kuificha.

1.0 Utangulizi

Katika ukanda huu, mpaka wa kisiasa ni mkongwe kuliko mpaka wa kielimu. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta chini ya tawala mbili. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya hapo, kijana wa Tororo na mwenzake wa Busia walipimwa kwa mizani moja walipotaka kuingia chuo kikuu. Mizani hiyo ilivunjika katika kumbukumbu ya walio hai.

2.0 Enzi ya Mtihani Mmoja

Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zilifuata mpangilio uleule: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, kisha mitatu ya shahada. Suala la kulinganisha vyeti vya nchi hizi mbili halikuwa na nafasi, kwa kuwa cheti kilikuwa kimoja.

Umoja huo ulisambaratika hatua kwa hatua. Chuo Kikuu kiligawanywa mwaka 1970. Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani mwaka 1971. Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980, na sheria ya baraza la Uganda ikapitishwa mwaka 1983.

3.0 Hesabu ya Miaka

Mwaka 1985 Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Kidato cha tano na sita kikaondolewa. Mwaka mmoja ukaongezwa katika shule ya msingi na mwingine katika shahada. Uganda ilibaki na mpangilio wa awali. Jumla haikubadilika: 8+4+4 ni 16, na 7+4+2+3 ni 16 vilevile. Kilichobadilika ni mahali ambapo mwanafunzi huvuka kutoka shule kwenda chuo kikuu: Kenya baada ya miaka 12, Uganda baada ya miaka 13.

Hapo ndipo kanuni za usajili zilipoanza kugongana. Uganda humtaka anayeingia moja kwa moja awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili ya kidato cha sita. Mkenya mwenye KCSE akisajiliwa katika shahada ya miaka mitatu angehitimu kwa miaka 15. Kwa sababu hiyo huelekezwa kwanza kwenye cheti cha daraja cha mwaka mmoja, kinachomrejesha kwenye 16, au kidato cha tano na sita, kinachomfikisha 17. Naye Mganda anayejiunga na shahada ya miaka minne nchini Kenya hufikia 17 asipotambuliwa masomo yake ya awali. Kila upande, basi, una mwanafunzi anayeweza kulipia mwaka wa ziada.

4.0 Neno Moja, Maana Mbili

Kiswahili kinataja hatua mbili tofauti kwa jina moja. “Kidato cha nne” cha Kenya ni mwisho wa sekondari, mwaka wa 12 wa masomo. “Kidato cha nne” cha Uganda ni mwaka wa 11, na sekondari bado haijakamilika. Mzazi wa Busia anayeambiwa kwamba cheti cha kidato cha nne cha mwanawe “hakitoshi” ng’ambo ya mpaka huelewa kuwa elimu ya mtoto imedharauliwa. Aliyepaswa kumweleza hana istilahi ya kutenganisha mambo mawili: ulinganifu wa hatua na usawa wa ubora. Kanuni zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, ilhali maelezo ya mdomo sokoni na nyumbani hutolewa kwa Kiswahili na lugha za jamii.

5.0 Hali ya Sasa

Suala hili lina uzito mpya kwa sababu vyuo vikuu vimesogea mpakani. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko katika Wilaya ya Busia, Uganda, na kina kampasi Nagongera, Tororo. Upande wa Kenya, Alupe ilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2015 na kupata hati yake mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inahimiza utambuzi wa vyeti, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Hata hivyo, uamuzi wa nani asajiliwe umebaki kwa mamlaka za kitaifa.

Wakati huohuo, hesabu inabadilika tena. Mtaala mpya wa Kenya una miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu, na angalau mitatu ya shahada. Bila kuhesabu elimu ya awali, jumla ni 15. Kundi la kwanza linatarajiwa kuingia chuo kikuu mwaka 2029.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kuwa kizuizi kilichopo katika ofisi ya usajili kilitokana na uamuzi wa nchi moja kubadili hesabu peke yake. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, jedwali la ulinganifu kati ya Kenya na Uganda likamilishwe kabla ya 2029. Pili, vyuo vya mpakani vitambue masomo ya kidato cha sita kwa krediti, ili mwaka usirudiwe bure. Tatu, kanuni za usajili zitolewe pia kwa Kiswahili, na kila cheti kitajwe kwa idadi ya miaka ya masomo badala ya jina la kidato pekee.