Rita Dove: Malenga wa Watu Waliosahauliwa na Historia

Wanafunzi wengi wa fasihi hukutana na majina ya washairi wa Marekani katika orodha za vitabu vya kozi, lakini ni nadra kupata nafasi ya kuyajua maisha yao. Katika makala haya tunamwangalia mmoja wao, Bi. Rita Dove, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 ushairi wake umekuwa ukirudia swali moja: ni nani anayestahili kukumbukwa katika historia? Swali hilo linamhusu pia mwalimu wa lugha, kama tutakavyoona.

Malezi na elimu

Rita Dove alizaliwa tarehe 28 Agosti 1952 huko Akron, katika jimbo la Ohio. Akron ulikuwa mji wa viwanda vya matairi. Baba yake, Ray Dove, alikuwa amesomea kemia hadi shahada ya juu. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa Mweusi, alifanya kazi ya kuendesha lifti katika kampuni ya Goodyear kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa kazi aliyoisomea. Hatimaye akawa miongoni mwa wanakemia Weusi wa kwanza katika viwanda vya matairi nchini humo. Binti yake alikua akijua kwamba mtu anaweza kuwa na elimu na bado asionekane.

Mwaka 1970 Rita alitajwa kuwa mmoja wa wahitimu bora wa shule za sekondari nchini Marekani. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Miami, ambacho licha ya jina lake kiko Ohio. Baadaye alipata ufadhili wa Fulbright, akasoma Tübingen, Ujerumani, mwaka 1974 hadi 1975, na Kijerumani kikawa lugha yake ya pili. Mwaka 1977 alihitimu shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Iowa. Miaka miwili baadaye aliolewa na mwandishi Mjerumani, Fred Viebahn. Diwani yake ya kwanza, The Yellow House on the Corner, ilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.

Babu na bibi kama historia

Kitabu kilichomletea sifa kubwa ni Thomas and Beulah cha mwaka 1986. Ndani yake Dove anasimulia maisha yaliyojengwa juu ya yale ya babu na bibi yake wa upande wa mama, watu wa kawaida waliokuwa miongoni mwa Weusi waliohama kusini mwa Marekani kwenda miji ya viwanda ya kaskazini. Sehemu ya kwanza inayaona maisha hayo kwa macho ya mume, na ya pili kwa macho ya mke. Tukio ambalo kwa mume ni kubwa huenda kwa mke lisitajwe kabisa. Mwisho wa kitabu kuna orodha ya miaka, kama ile inayowekwa katika vitabu vya historia ya wafalme na vita, ila hapa ndoa, kazi na vifo vya familia moja vimepewa heshima hiyo hiyo.

Kitabu hicho kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987. Dove akawa mshairi wa pili mwenye asili ya Afrika kuipata katika ushairi, baada ya Gwendolyn Brooks aliyeipata mwaka 1950.

Cheo na mabishano

Mwaka 1989 Dove alihamia Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 40, aliteuliwa na Maktaba ya Bunge kuwa Malenga wa Taifa, akashika nafasi hiyo hadi mwaka 1995. Robert Hayden na Gwendolyn Brooks walikuwa wameshika wadhifa huo ulipokuwa bado unaitwa ushauri wa ushairi. Dove ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata tangu ulipopewa jina jipya mwaka 1986.

Hakuacha kuwatafuta waliosahauliwa. Diwani yake ya mwaka 2009, Sonata Mulattica, inamhusu George Bridgetower, mpiga fidla mwenye asili ya Afrika aliyepiga muziki pamoja na Beethoven huko Vienna mwaka 1803. Beethoven alikuwa amemtungia sonata, lakini baada ya kugombana alilifuta jina lake, na leo kazi hiyo inajulikana kwa jina la Kreutzer.

Mwaka 2011 Dove alihariri mkusanyo wa mashairi ya Marekani ya karne ya 20 uliochapishwa na Penguin. Mhakiki mashuhuri Helen Vendler aliulaumu kwa kuingiza washairi wengi mno, takriban 175, na Dove akamjibu kwa maandishi. Wasomi walibishana kuhusu ubora, lakini ndani ya mabishano hayo lilikuwamo swali lile lile la nani akumbukwe.

Herufi moja

Tumeliacha hadi sasa shairi linalotugusa zaidi sisi walimu wa lugha. Linaitwa Parsley, nalo limo katika diwani ya Museum ya mwaka 1983. Linahusu mauaji ya Oktoba 1937, wakati mtawala wa Jamhuri ya Dominika, Rafael Trujillo, alipoamuru Wahaiti waliokuwa nchini mwake wauawe. Maelfu walikufa. Inasimuliwa kwamba askari waliwaonyesha watu tawi la majani ya kiungo cha chakula, wakawataka wayataje kwa Kihispania: perejil. Aliyeshindwa kuitamka r kwa ncha ya ulimi alihesabiwa kuwa Mhaiti. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha Shibolethi katika Waamuzi, sura ya 12.

Shairi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni sauti ya wakata miwa, nayo ina mistari inayorudiwarudiwa, jambo lisilo geni kwa anayejua kazi ya kibwagizo katika mashairi yetu. Ya pili inaingia kichwani mwa mtawala mwenyewe, tuone jinsi hoja ya kuua inavyojengwa hatua kwa hatua juu ya herufi moja.

Hapa Uganda r na l ni somo la kila muhula. Katika Luganda sauti hizo hufuata irabu iliyotangulia: r huandikwa baada ya e na i, na l kwingineko. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "kula" akikusudia "kura" si mzembe, bali anafuata sarufi ya lugha ya mama yake. Zaidi ya hayo, wazee wengi bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970. Darasa linalomcheka mtu kwa matamshi yake linaamsha kumbukumbu hiyo.

Hatusemi kwamba makosa ya matamshi yasisahihishwe. Yasahihishwe, kwa mazoezi na kwa kueleza chanzo chake. Lakini Dove anatufundisha kwamba nyuma ya kila ulimi kuna mtu mwenye historia, hata kama hakuna aliyewahi kuiandika. Walimu wa fasihi linganishi wanaweza kuanza na Thomas and Beulah, kisha wawatume wanafunzi wakaandike orodha ya miaka ya babu na bibi zao kwa Kiswahili.