Wazee wa Kichina na Huzuni Isiyotajwa

Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua Wachina wasiingie nchini. Wengi waliokwisha kufika hawakuweza kuwaita wake zao, wakazeeka peke yao katika vyumba vyembamba vya San Francisco. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1943, lakini nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 tu kwa mwaka.

Upweke wa namna hiyo huujeruhi moyo. Hata hivyo, mzee aliyelelewa kuficha huzuni asiaibishe jamaa yake hamwambii daktari kwamba ana huzuni. Husema kichwa chamuuma, usingizi umemkimbia, kifua chambana. Mwaka 1982 daktari Arthur Kleinman aliandika habari za wagonjwa 100 huko Hunan, Uchina, walioambiwa kwamba mishipa yao ya fahamu imedhoofika. Alipowasikiliza kwa makini, aliona kuwa 87 kati yao walikuwa na ugonjwa wa sonona.

Basi dawa peke yake haitoshi. Mwaka 1973, katika mtaa wa Wachina wa San Francisco, shirika la On Lok lilifungua kituo cha mchana. Wazee walitibiwa humo, wakala chakula walichokizoea, wakaongea Kikantoni, na jioni wakarudi kwao.

Nasi twajifunza hivi: mzee akilalamikia kifua, tusiharakie kumpa kidonge. Tumwulize kwa lugha yake ni nani aliyebaki naye nyumbani.