Kamera Dadaab: Mwendo ukibadilishwa, sauti hutoweka

MAMA aliyeihama Somalia na wanawe wakati wa njaa ya mwaka wa 2011 aghalabu huisimulia habari hiyo mara moja tu kwa ukamilifu. Iwapo mpiga picha atamsikiliza akiwa amesahau kuirejesha kamera katika hali ya kawaida, atarudi na picha safi isiyo na sauti hata chembe. Kumrudia siku ya pili na kumwomba alie upya si jambo la utu.

Hatari hiyo hutokana na njia maalumu za kurekodi zilizomo katika kamera za sinema za kidijitali. Kila njia humpa mpiga picha kitu fulani na kumnyang'anya kingine.

Kambi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa zilianza kupokea wakimbizi mwaka wa 1991. Ifo, Dagahaley na Hagadera zimepigwa picha na wageni wengi, lakini wapo pia vijana wakimbizi waliojifunza kazi hiyo kambini. Miongoni mwa waliowafunza ni shirika la FilmAid, lililoanzishwa mwaka wa 1999 wakati wa vita vya Kosovo na baadaye likafika Kakuma na Dadaab.

Mfano wa kamera unaofaa ni Canon C300, iliyoingia sokoni Januari 2012 na kupendwa na watengenezaji wa filamu za hali halisi. Menyu yake ina njia nne maalumu: mwendo wa polepole au wa kasi, kurekodi kwa vipindi, kurekodi fremu chache chache, na kurekodi kabla ya kubonyeza kitufe. Kamera nyingi za aina hiyo zina njia zinazofanana na hizo.

Mwendo wa polepole

Filamu za video nchini Kenya kwa kawaida huwa na fremu 25 kwa sekunde. Kamera ikinasa fremu 50 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya 25, tukio la sekunde 10 huchukua sekunde 20. Katika C300, hilo humlazimu mpiga picha kushuka kutoka ubora wa mistari 1080 hadi 720. Mwanga nao hupungua kwa nusu, kwani kila fremu hupata muda mfupi zaidi. Nje, jua la Dadaab hulifidia pengo hilo, lakini ndani ya hema picha huweza kuwa giza.

Sauti hairekodiwi. Isitoshe, mwendo huo hubadilisha maana: mtoto anayetembea kawaida huonekana mnyonge, na mtu aliyejikwaa kidogo huonekana kana kwamba ameanguka kwa njaa. Mtazamaji hana njia ya kujua kwamba huzuni hiyo imeongezwa na kamera.

Kurekodi kwa vipindi

Hapa kamera hunasa fremu baada ya muda uliopangwa. Fremu moja kila sekunde 10 kwa saa mbili hutoa fremu 720, ambazo huonekana kwa takriban sekunde 29. Njia hii hufaa kuonyesha foleni ya maji ikirefuka au soko likifunguliwa. Kamera yapaswa kuwekwa juu ya stendi imara, kwani upepo ukiitikisa picha itarukaruka. Yafaa pia ikingwe dhidi ya jua na vumbi. Hapa pia sauti haipatikani, na binadamu huonekana wakikimbia kama siafu.

Fremu chache chache

Kila kitufe kinapobonyezwa, kamera hunasa fremu chache tu na kusimama. Ndivyo michoro na vikaragosi hufanywa vionekane vikitembea. Kambini njia hii ina faida ya pekee. Mtu anayehofia kuonyesha uso wake, kwa sababu ya jamaa aliowaacha nyuma, anaweza kusimulia huku kisa chake kikionyeshwa kwa michoro. Sauti yake hurekodiwa kando, na ikibidi husomwa na mtu mwingine.

Kabla ya kitufe

Njia ya nne huhifadhi picha na sauti za sekunde chache zilizopita katika kumbukumbu ya muda. Katika C300 ni takriban sekunde tatu. Kitufe kikibonyezwa, sekunde hizo huunganishwa na zinazofuata. Humsaidia anayesubiri tukio la ghafla, mathalani lori kuingia au bao kufungwa uwanjani.

Lakini sekunde tatu hizo zaweza kuwa na neno ambalo msemaji hakukusudia lirekodiwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huzihesabu habari zinazomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na picha ya uso wake ni mojawapo. Kwa hivyo ni vyema kumweleza mhusika mapema kwamba kamera inasikia hata kabla ya kitufe kubonyezwa, au kuizima njia hiyo wakati wa mahojiano.

Kabla ya mahojiano

Mpiga picha makini hufanya mambo matatu. Kwanza, hutazama kioo cha kamera kuhakikisha kwamba hakuna alama ya njia maalumu. Pili, huvaa vipokea sauti vya masikioni. Tatu, hurekodi sekunde 10 za majaribio na kuzicheza, kwani sauti huweza kusikika masikioni ilhali haiingii katika kadi.

Picha za foleni ya maji zaweza kunaswa tena kesho. Ushuhuda wa mtu hauna kesho, na ndio sababu majaribio ya sekunde 10 hayapaswi kurukwa hata siku moja.