Mapenzi ya Ugiriki Yaliyozaliwa Roma

Mwaka 146 KK jemadari wa Kirumi, Lucius Mummius, aliuteketeza mji wa Korintho. Wanaume wengi waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani, sanamu na picha zikapakiwa melini kwenda Italia. Mwandishi Velleius Paterculus anasimulia kwamba Mummius aliwaonya wachukuzi: atakayepoteza mojawapo atalipa nyingine mpya. Velleius aliandika zaidi ya miaka 170 baadaye, na kwake kisa hicho kilikuwa cha kuchekesha. Jemadari gani huyu, anayedhani kazi ya fundi mkubwa aliyekwisha kufa hufidiwa kama gunia la ngano?

Kicheko hicho kinaeleza mengi. Wanaoipenda Athene kuliko Roma hujiona wamechagua upande mmoja na kuupa mgongo mwingine. Lakini ladha hiyo ilianzia Roma kwenyewe, na wa kwanza kumwonea haya Mrumi asiyeujua Ugiriki walikuwa Warumi wenzake.

Si kwamba haikupingwa. Mwaka 155 KK Athene iliwatuma wanafalsafa watatu Roma kuomba ipunguziwe faini ya talanta 500. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Carneades, siku ya kwanza aliitetea haki kwa ufasaha wa ajabu, na siku ya pili akaibomoa hoja kwa hoja. Vijana walimiminika kumsikiliza. Cato Mzee alilisihi Baraza la Seneti liamue shauri lao upesi, warudi kwao wakawafundishe watoto wa Kigiriki, na vijana wa Roma waendelee kuzisikiliza sheria na wakubwa wao. Hata hivyo Cato mwenyewe alizisoma fasihi za Kigiriki uzeeni.

Kizazi cha Cicero hakikuona tena haja ya kujificha. Katika barua alizomwandikia rafiki yake Atticus, aliyekuwa Athene, Cicero anaagiza mapambo ya nyumba yake ya Tusculum: nguzo fupi za marumaru ya Penteli zenye vichwa vya shaba, na chochote kingine ambacho Atticus angeona kinafaa. Anasema zimekwisha kumfurahisha kabla hajaziona. Hapo si msanii anayesema, ni mnunuzi, na wanunuzi wa namna yake walikuwa wengi. Mwaka 1907 wazamiaji wa sifongo waligundua mbele ya Mahdia, Tunisia, meli iliyozama karne ya kwanza KK ikiwa na makumi ya nguzo za marumaru na sanamu za shaba, shehena iliyokuwa njiani kutoka Ugiriki. Kazi za asili zilipokuwa hazitoshi, karakana zilichonga nakala.

Wapo waliopita kiasi. Nero alishindana Olimpia mwaka 67 BK kwa gari la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza mbio, na bado akavikwa taji. Hadrian alikuwa na adabu zaidi. Tangu ujana alipewa jina la utani la Mgiriki Mdogo, na akiwa mfalme alilikamilisha hekalu la Zeu wa Olimpia pale Athene, lililoanzwa zaidi ya miaka 600 kabla yake. Athene ilisubiri Mrumi aje kuimalizia kazi yake.

Sasa turuke hadi Ujerumani ya karne ya 18. Johann Joachim Winckelmann, mtoto wa fundi viatu wa Stendal, alitoa mwaka 1755 kitabu kidogo kilichowataka wasanii wawaige Wagiriki, kisha mwaka 1764 akachapisha historia ya sanaa ya kale iliyoiweka Roma chini kabisa ya Athene. Mapenzi yake yalikuwa ya dhati, na sifa alizommwagia Apollo wa Belvedere zilisomwa Ulaya nzima. Lakini Winckelmann hakuwahi kukanyaga Ugiriki. Alikuwa akiishi Roma, na Apollo huyo wa Vatikani wataalamu wengi leo humhesabu kuwa nakala ya zama za Warumi. Weupe uliomshika moyo ulitokana na umri, kwa kuwa sanamu nyingi za Kigiriki zilipakwa rangi. Imani ya weupe ilidumu hivi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930, katika British Museum, baadhi ya michongo ya Parthenon ilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili ing'ae.

Roma ilikuwa na watetezi wake, akiwemo mchoraji Piranesi. Mimi ningeanzia uraia. Mwaka 451 KK, Athene ya Perikle, ile ile inayosifiwa kwa demokrasia, ilipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni Waathene. Mwaka 212 BK mfalme Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Baba yake, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwafrika wa namna hiyo Athene ingempokea kama mgeni, na angekufa mgeni.

Kuzitenganisha pande hizi mbili ni kazi ngumu kuliko wapenzi wa upande mmoja wanavyodhani. Mwongozo wa safari unaotaja soko la Rhapta na pembe za ndovu za pwani yetu uliandikwa kwa Kigiriki, katika karne ya kwanza BK, na mfanyabiashara wa Misri iliyotawaliwa na Roma. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi waraka kwa Kigiriki. Katika Matendo ya Mitume, alipokamatwa Yerusalemu, jemadari alishangaa kumsikia akisema Kigiriki; muda mfupi baadaye akashtuka zaidi kusikia kwamba mfungwa wake ni raia wa Roma kwa kuzaliwa. Jemadari huyo aliitwa Klaudio Lisia. Lisia ni jina la Kigiriki. Klaudio yaelekea alilipata pamoja na uraia, ambao mwenyewe anakiri aliununua kwa mali nyingi.