Amoniti wa Jura

Amoniti ni moluska wa baharini waliotoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi wanaouzwa katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Makombe yao yalijizungusha kama kamba iliyokunjwa. Ndani yalikuwa na vyumba. Mnyama aliishi katika kile cha mwisho, na gesi ya vyumba vingine ilimsaidia kuelea.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, imejengwa juu ya mchanga wenye umri mdogo mno kuwa na amoniti. Wa kipindi cha Jura hutafutwa bara zaidi, kwenye mawe ya chokaa ya pande za Kidugalo, kando ya Reli ya Kati. Mwaka 1924 Edwin Hennig, mwanajiolojia Mjerumani, alichapisha utafiti kuhusu miamba ya Jura ya Kati nyuma ya Dar es Salaam. Awali alikuwa Tendaguru, Lindi, katika msafara wa Berlin wa kuchimba dinosaria wa 1909–1913. Huko matabaka ya bahari yamepishana na yale ya dinosaria, na amoniti wamesaidia kuyakadiria umri: takriban miaka milioni 150. Mchango huo husahaulika, sifa zote zikienda kwa mifupa mikubwa.

Katika kundi la amoniti liitwalo Perisphinctes, mbavu za kombe, yaani matuta yake, hugawanyika pacha zikikaribia ukingo wa nje. Ukiona jiwe lenye alama hizo, usiligonge nyundo; andika mahali lilipo, kisha uyaarifu Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.