Mahali pa Mkono: Historia ya Kadi na Zawadi katika Zama za Mashine

Kadi ya salamu, kadi ya mwaliko na karatasi ya kufungia zawadi ni vitu vitatu ambavyo, kuanzia karne ya 19, viliondoka mikononi mwa watu wa nyumbani vikaingia viwandani, na historia yake kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mashine kuushinda mkono. Ushahidi uliomo katika kadi zenyewe na katika vitabu vya wauzaji wa zama hizo unaonyesha mwenendo tofauti: kila mara kiwanda kilipopunguza gharama ya karatasi, rangi na usafirishaji, kazi ya mkono ilipata mahali pengine pa kukaa, na mara nyingi kiwanda chenyewe ndicho kilichouza vifaa vya kuifanyia. Mwenendo huo unaonekana wazi zaidi nchini Uingereza na Marekani kati ya mwaka 1840 na 1930, na kwa namna ya pekee katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, ambako mwanamke aliyeitwa Esther Howland aliigeuza kazi ya mkasi na gundi kuwa biashara kubwa.

Kabla ya kipindi hicho, kadi za tarehe 14 Februari, siku ya Mtakatifu Valentino ambayo wapendanao walipelekeana salamu, zilitengenezwa zaidi nyumbani. Waingereza na Wamarekani wa mwishoni mwa karne ya 18 waliikunja karatasi na kuikata kwa mkasi hadi ikatoa maua na mioyo, waliitoboa ruwaza kwa ncha ya sindano, na walichora mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho ambayo maneno yake yalisomwa kwa kuizungusha karatasi. Iliyohitaji ustadi mkubwa ilikuwa karatasi ya mraba iliyokunjwa kwa pembe zilizopishana hadi ikajifunga yenyewe kama kifuko kidogo. Mikunjo yake ilitiwa namba na kuandikwa beti fupi, na mpokeaji aliifungua mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio, picha na maneno yakibadilika kila mkunjo ulipoachia, hadi akafika katikati ya karatasi alikowekewa ujumbe mkuu. Aliyekosa maneno yake mwenyewe naye alikuwa na msaada, kwa kuwa mwaka 1797 kilichapwa nchini Uingereza kitabu cha beti kiitwacho The Young Man's Valentine Writer, ambamo kijana aliweza kuchagua ubeti na kuunakili kwa mwandiko wake. Jambo hilo lastahili kuzingatiwa, maana linaonyesha kwamba hata katika zama za kadi za nyumbani maneno yaliweza kuwa ya kuazima, na kilichokuwa mali ya mtumaji ni uchaguzi wake, mwandiko wake na muda alioutumia.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na posta. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1840, gharama ya barua ilikokotolewa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, hivyo bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, na pambo lolote lililotiwa ndani liliweza kumwongezea mzigo yule yule aliyekusudiwa kufurahishwa. Mageuzi yaliyopendekezwa na Rowland Hill yaliweka, kuanzia tarehe 10 Januari 1840, bei ya peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi kwenda popote nchini, na mwezi Mei wa mwaka huohuo ikaanza kutumika stempu ya kubandika, iliyomwezesha mtumaji kulipa mapema. Marekani nayo ilipunguza gharama zake mwaka 1845 na kutoa stempu za taifa mwaka 1847. Uzito ulipochukua nafasi ya idadi ya karatasi, bahasha ikawa kitu cha kawaida, na ndani yake pakapatikana nafasi ya utepe, ua lililokaushwa, kipande cha hariri au kadi ya tabaka kadhaa.

Viwanda vya London navyo, tangu miaka ya 1830, vilikuwa vimejifunza kutengeneza karatasi ya lesi, yaani karatasi yenye matundu madogo yaliyopangwa kwa ruwaza na kufanana na kitambaa cha lesi. Karatasi ilibanwa juu ya bamba la chuma lenye nakshi hadi nakshi hizo zikainuka upande wa pili, kisha vilele vya mwinuko huo vikasuguliwa hadi vikatoka na kuacha matundu. Kazi ambayo kwa mkasi ilidai subira na jicho kali sasa iliweza kurudiwa mara nyingi kwa bamba moja, na bei yake ikashuka kiasi cha kuifanya karatasi hiyo kuwa malighafi ya watu wengine kuitengenezea kadi.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa kadi ya Krismasi ya kuuzwa. Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyeshiriki katika mageuzi ya posta na ambaye baadaye aliongoza jumba la makumbusho la South Kensington, linalojulikana leo kwa jina la Victoria and Albert, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi, kwa sababu barua za salamu zilizohitaji majibu zilikuwa zimemzidi. Nakala takriban 1,000 zilitolewa na kuuzwa kwa shilingi moja kila moja, bei ambayo kwa kibarua wa siku zile ilikuwa kubwa. Picha ilichapwa kwa lithografia, yaani njia ya kuchapa kwa jiwe bapa lililochorwa kwa wino wa mafuta, lakini rangi zilitiwa kwa brashi, kadi moja baada ya nyingine. Juu ya picha uliachwa mstari wa jina la anayepelekewa, na chini yake mwingine wa jina la anayetuma. Mchapaji alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa nafasi hizo mbili, na bila ya kujazwa kwa kalamu, kadi ya Cole ingebaki kuwa picha tu.

Esther Howland alilikabili tatizo hilohilo, la kuipa kazi ya mkono nafasi ndani ya kadi ya kuuzwa, kwa njia nyingine. Alizaliwa Worcester mwaka 1828, akahitimu masomo mwaka 1847 katika seminari ya wanawake ya Mount Holyoke, na baba yake alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia. Baada ya kupata kadi ya Valentino ya Kiingereza, iliyopambwa kwa karatasi ya lesi na vijipicha vya rangi, aliona kwamba angeweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Baba yake akamwagizia karatasi ya lesi kutoka Uingereza pamoja na vijipicha na mapambo mengine, naye akaunda sampuli chache ambazo kaka yake alizibeba katika safari ya kuuza bidhaa za duka. Masimulizi yanayotajwa katika kila wasifu wake ni kwamba Howland alitumaini kupata maagizo ya dola 200, na kaka yake akarejea na maagizo ya zaidi ya dola 5,000. Kiasi hicho hakikuweza kutimizwa na mikono miwili, hivyo aliwaita marafiki na wanawake wa mji wake, akawaketisha katika chumba cha nyumba ya familia, na kumgawia kila mmoja sehemu yake ya kazi: mmoja alikata vijipicha, mwingine alipanga karatasi za chini, mwingine alibandika mapambo kwa kufuata sampuli aliyoiunda Howland mwenyewe.

Kadi zilizotoka katika chumba hicho zinatambulika kwa ujenzi wake. Howland alizoea kuweka kijikaratasi cha rangi inayong'aa, mathalani nyekundu au buluu, chini ya karatasi nyeupe ya lesi, ili rangi ionekane kupitia matundu na ruwaza ijitokeze. Katika baadhi ya kadi alitumia vipande vya karatasi vilivyokunjwa mara kadhaa na kubandikwa katikati ya tabaka, ambavyo viliinua lesi kutoka kwenye karatasi ya chini na kuipa kadi kina, kiasi kwamba mpokeaji aliona kivuli cha ua juu ya karatasi iliyo nyuma yake. Ubeti kwa kawaida uliwekwa ndani, na nyuma ya kadi ikagongwa herufi ndogo nyekundu H. Karatasi ya lesi ilikuwa ya mashine na vijipicha vilikuwa vya mashine, lakini mpangilio wa tabaka ulikuwa wa vidole, na kwa sababu hiyo hakuna kadi mbili zilizolingana kabisa.

Hapo ndipo panapozuka swali zito la historia hii, nalo ni kwamba mkono uliotengeneza kadi ya Howland ulikuwa wa nani. Aliyeituma aliinunua dukani, na vidole vilivyoipamba vilikuwa vya mfanyakazi wa Worcester aliyelipwa ujira na ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye kadi. Howland aliliona pengo hilo, na jibu lake la wazi zaidi ni kitabu cha beti alichokitoa mwaka 1879. Kitabu hicho kilikuwa na beti 131 zilizochapwa kwa rangi na ukubwa tofauti, kwa ajili ya mnunuzi aliyeipenda kadi lakini hakuridhika na maneno yake: alichagua ubeti mwingine katika kitabu, ubeti huo ukabandikwa juu ya ule wa awali, na kadi ikawa imekubaliana na nia yake. Uchaguzi uliokuwa sehemu ya kadi za nyumbani mwaka 1797 ulirejeshwa kwa njia hiyo ndani ya bidhaa ya dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Howland aliiuza biashara yake kwa George C. Whitney, mwenzake katika biashara hiyo mjini Worcester, ili amhudumie baba yake aliyekuwa mgonjwa, naye akafariki dunia mwaka 1904. Kampuni ya Whitney, iliyoanza kwa kadi za kubandikwa kwa mkono kabla ya kugeukia mitambo, ilidumu hadi mwaka 1942, pale uhaba wa karatasi wa wakati wa vita ulipoifunga.

Mashine nazo zilikuwa zikisonga mbele. Louis Prang, mchapaji wa Boston aliyezaliwa Breslau, aliikamilisha lithografia ya rangi nyingi, ambamo kila rangi huwa na jiwe lake na picha moja hupitishwa juu ya mawe mengi kwa zamu, na katikati ya miaka ya 1870 akaanza kuuza kadi za Krismasi. Brashi iliyotumika kwenye kadi ya Cole haikuhitajika tena. Hata hivyo, baadhi ya kadi za Prang zilizogharimu zaidi ziliongezewa matamvua ya hariri pembezoni, jambo linaloonyesha kwamba soko lenyewe lilikiri kuwa picha safi ya mashine, hata iwe nzuri namna gani, haikutosha kwa mtu aliyetaka kuonyesha thamani ya uhusiano.

Ufungaji wa zawadi ulipita njia hiyohiyo kwa kuchelewa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zawadi nchini Marekani zilifungwa kwa karatasi nyembamba laini, nyeupe, nyekundu au kijani, zikakazwa kwa uzi au utepe na kufungwa kwa lakiri au vibandiko vya gundi. Mwaka 1917 duka la ndugu wa familia ya Hall katika mji wa Kansas City liliishiwa na karatasi hizo kabla ya Krismasi, likaweka mezani karatasi za Kifaransa zilizonakshiwa, ambazo zilikusudiwa kutandikwa ndani ya bahasha, kwa senti 10 kila moja. Ziliisha upesi, zikaisha tena mwaka uliofuata, na baada ya hapo kampuni, inayojulikana leo kwa jina la Hallmark, ikaanza kuchapa karatasi zake za kufungia. Utepe wa gundi unaopenyesha nuru, uliobuniwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M mwaka 1930, ulikamilisha urahisi huo. Sambamba na hayo, kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyouza vibandiko, vitambulisho vya zawadi na karatasi ya krepu, yaani karatasi yenye mikunyanzi inayonyumbulika, ilitoa kuanzia mwaka 1909 vijitabu vya kuwafundisha wateja kutengeneza wenyewe mialiko na mapambo ya sherehe. Kiwanda kilikuwa kinauza karatasi kwa kufundisha ufundi, na maelfu ya meza za nyumbani zikarudi kuwa karakana.

Kadi za kuchapwa zilifika Afrika Mashariki pamoja na posta na mitambo ya uchapaji ya enzi za ukoloni, na hapa nazo zikapokewa kwa masharti ya watu wenyewe. Kadi ya mchango ya harusi nchini Tanzania, ambayo familia huipeleka kwa ndugu, jamaa na marafiki kuomba changizo la sherehe, huchapwa kwa wingi ikiwa na mstari wa vitone unaojazwa kwa kalamu, jina moja moja, na kwa muda mrefu imepelekwa mkononi na ndugu au mjumbe wa kamati. Mpokeaji husoma heshima yake katika mambo hayo: jinsi jina lake lilivyoandikwa, cheo alichotajiwa, na mtu aliyetumwa kumletea. Kadi zinazosambazwa kwa simu kwa mpigo mmoja zimepunguza gharama na safari, na kwa sababu hiyo zimeweka mbele ya kila kamati swali lilelile alilokabiliana nalo Howland.

Historia hii inamwondolea mtoaji wa leo hofu isiyo na msingi, yaani hofu kwamba asiyejua kuchora au kushona hana la kuongeza. Tangu karne ya 18 watumaji wameazima maneno, wamenunua lesi na wamelipia ufundi wa wengine, na zawadi zao hazikukosa utu kwa hilo, mradi palikuwa na sehemu waliyoifanya wao kwa kumfikiria mtu mmoja mahususi: ubeti uliochaguliwa, jina lililoandikwa kwa usahihi, utepe uliofungwa kwa uangalifu. Inamdai pia haki kwa wale wanaoifanya kazi hiyo kwa ujira, tangu wanawake wa Worcester hadi mafundi wanaokata na kubandika kadi za harusi mijini leo, kwa kuwa uzuri unaopewa jina la mtoaji mara nyingi hutokana na vidole vyao. Mashine itaendelea kurahisisha mengi, na hilo ni jema, lakini uamuzi wa kumtengea mtu fulani muda na fikra hauwezi kuagizwa kiwandani, na ndio ulioipa zawadi thamani yake katika kila zama.