Umbo la wanamichezo

Umbo la mwanamichezo wa ngazi ya juu hutokana na maumbile aliyozaliwa nayo pamoja na mabadiliko yanayoletwa na mazoezi na lishe. Jambo la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni mchujo: wale ambao miili yao haiufai mchezo fulani huachwa njiani miaka mingi kabla ya fainali, hivyo watazamaji huwaona waliobaki tu.

Mchujo huu si uteuzi asilia alioueleza Charles Darwin. Uteuzi asilia huhusu kurithishana sifa kwa vizazi vingi. Mchujo wa michezo hutokea ndani ya maisha ya mtu mmoja, na wanaoufanya ni makocha na matokeo ya mashindano.

Mchujo

Vijana wengi huamini kwamba kuogelea au mpira wa kikapu huongeza kimo. Hakuna ushahidi wa hilo. Kimo hutegemea hasa urithi, kisha lishe na afya ya utotoni. Michael Phelps wa Marekani, mwenye kimo cha sentimita 193 na mikono inayofikia sentimita 201 ikinyooshwa, hakurefushwa na bwawa. Mwili huo ndio uliomsaidia kushinda bwawani.

Hofu ya kinyume chake ni kwamba jimnastiki hudumaza watoto. Wataalamu waliopitia tafiti za suala hilo mwaka 2013 hawakuona kwamba mazoezi yake hupunguza kimo cha utu uzima. Mwili mfupi huzunguka hewani kwa urahisi zaidi, kwa hiyo wafupi ndio wanaodumu katika mchezo huo, na wazazi wao pia kwa kawaida si warefu.

Hata hivyo mchujo haufungi mlango kabisa. Muggsy Bogues, mwenye kimo cha sentimita 160, alicheza katika ligi ya NBA kuanzia 1987 hadi 2001.

Yanayobadilishwa na mazoezi

Mazoezi hukuza misuli, hupanua moyo na kuongeza damu. Mifupa mirefu hairefuki, lakini huweza kunenepa. Ushahidi mzuri hutoka kwa wachezaji wa tenisi, kwa kuwa mikono miwili ya mtu mmoja ina jeni zilezile. Utafiti wa mwaka 1977 ulikuta kwamba kuta za mfupa wa juu wa mkono unaoshika raketi zilikuwa nene zaidi kuliko za mkono wa pili kwa takriban asilimia 35 kwa wanaume na 28 kwa wanawake. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa urithi.

Urithi wa kuitikia mazoezi

Uwezo wa kufaidika na mazoezi nao hurithiwa kwa sehemu. Katika utafiti wa HERITAGE, watu 481 wasiokuwa na desturi ya mazoezi, kutoka familia 98, walifanya mazoezi yaleyale kwa wiki 20. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa mililita 400 hivi kwa dakika, lakini wengine hawakupata karibu chochote, na wengine walipita lita moja. Ndugu wa familia moja walielekea kufanana.

Mara chache jeni moja huleta tofauti kubwa. Eero Mäntyranta wa Ufini, aliyeshinda medali saba za Olimpiki katika mbio za ski, alikuwa na badiliko la jeni lililofanya mwili wake kutengeneza seli nyekundu za damu kwa wingi kupita kawaida. Kwa wakimbiaji Wakalenjin wa Kenya haijathibitishwa jeni moja ya aina hiyo. Miguu myembamba chini ya goti huwapunguzia nguvu wanayotumia kila hatua, lakini pia wanaishi na kufanya mazoezi kwenye nyanda za juu, na vijana wengi sana huko hujaribu mbio kama njia ya kipato. Mchujo wa watu wengi hutoa washindi wengi.

Mfano wa Osaka 2007

Katika mashindano ya dunia ya riadha ya 2007, Donald Thomas wa Bahamas, aliyeanza kuruka juu mwaka 2006 tu, alishinda kwa sentimita 235. Stefan Holm wa Uswidi, bingwa wa Olimpiki wa 2004 aliyeruka tangu utotoni, alikuwa wa nne. Lakini Holm, mwenye kimo cha sentimita 181 tu, alikuwa amewahi kuruka 240, na Thomas hakufikia kiwango hicho.